Georg Ohm: Mwalimu aliyepuuzwa licha ya kufumbua siri ya umeme

GEORG Simon Ohm alizaliwa Machi 16, 1789, mjini Erlangen, Ujerumani. Babake, fundi wa kufuli asiyekuwa na elimu rasmi, alijifunza hisabati na sayansi mwenyewe, kisha akawafunza wanawe nyumbani. Mamake aliaga dunia Georg akiwa na umri wa miaka kumi.

Mnamo 1805 alijiunga na Chuo Kikuu cha Erlangen, lakini akazama katika densi, biliadi na kuteleza kwenye barafu. Babake alighadhabika, akamwondoa chuoni. Kijana huyo alienda Uswisi kufundisha hisabati, akajisomea kwa bidii, na mwaka wa 1811 akatunukiwa shahada ya uzamifu.

Kuanzia 1817 alifundisha katika shule ya upili mjini Cologne, ambako alianza kuchunguza jinsi umeme unavyopita katika waya. Betri za enzi hizo hazikuwa na nguvu thabiti, hivyo vipimo vyake viliyumbayumba. Mnamo 1826 aliunganisha shaba na bismathi, kiungo kimoja akakitia katika maji yanayochemka na kingine katika barafu. Tofauti hiyo ya joto ilizalisha msukumo wa umeme usiobadilika. Ndipo akapima nyaya za urefu mbalimbali, mmoja baada ya mwingine.

Alibaini kwamba mkondo wa umeme huongezeka kadiri msukumo wake, yaani volteji, unavyoongezeka, na hupungua kadiri ukinzani wa waya unavyozidi. Kwa mfano, kifaa chenye ukinzani wa ohm 60 kikiunganishwa na umeme wa volti 240, hupitisha mkondo wa ampea 4.

Alichapisha kanuni hiyo kitabuni mwaka wa 1827, lakini wasomi wengi nchini mwake hawakuithamini. Kwa kuvunjika moyo, alijiuzulu mnamo 1828, akajikimu kwa vibarua vya kufundisha jijini Berlin hadi alipoajiriwa Nuremberg mwaka wa 1833.

Heshima ilimjia kutoka ugenini. Mnamo 1841, Royal Society ya London ilimtunuku nishani ya Copley. Uprofesa aliotamani tangu ujanani katika chuo kikuu aliupata Munich mwaka wa 1852, miaka miwili tu kabla ya kifo chake, Julai 6, 1854.

Mnamo 1881, wataalamu wa umeme waliokutana jijini Paris waliidhinisha ohm kuwa kizio cha kupimia ukinzani.