Carl Rogers na mama aliyerudi kwenye kiti: utarajie nini kwa mshauri nasaha

Mama, ukiambiwa kliniki kwamba unapelekwa kwa mshauri nasaha, usidhani unakwenda kusemwa. Wengi hufika na hofu hiyo, kwa sababu sisi wahudumu wa afya ndivyo tulivyowazoesha: sisi tunasema, ninyi mnaitikia. Nikusimulie maisha ya Carl Rogers, mwanasaikolojia aliyeanzisha ushauri unaomweka mbele mwenye shida, ili ujue utakachokutana nacho.

Alizaliwa Januari 8, 1902, Oak Park, karibu na Chicago, Marekani, akiwa mtoto wa nne kati ya sita. Wazazi wake walishika sana dini na kazi, naye hakuzoea kuwaeleza yaliyomo moyoni. Alianza chuo akisomea kilimo, akapitia seminari, kisha akahamia saikolojia.

Mwaka 1928 aliajiriwa mjini Rochester, jimbo la New York, na shirika la kuzuia ukatili kwa watoto. Kazi ilikuwa kuwapima watoto wenye shida za tabia na kuwaeleza wazazi cha kufanya. Huko akampata mama mwenye mtoto wa kiume mtukutu kupita kiasi. Rogers aliona chanzo ni mama mwenyewe, aliyemkataa mtoto tangu akiwa mdogo, akajaribu kumwonyesha hilo kwa upole, kikao baada ya kikao. Mama hakuliona. Mwisho Rogers akakiri kwamba wote wawili wamejitahidi lakini hawajafika popote, afadhali waache. Wakapeana mikono, mama akaelekea mlangoni.

Hapo akageuka, akauliza kama watu wazima nao hupokelewa kwa ushauri. Alipoambiwa ndiyo, akarudi kwenye kiti alichotoka kukiacha, akaanza kumwaga yaliyomjaa: ndoa yenye shida, kuchanganyikiwa, kujiona ameshindwa. Mwanzoni hakuwa ameyaeleza hivyo. Rogers hakujua la kufanya, akasikiliza tu. Waliendelea kuonana, na baada ya muda ndoa ikapata nafuu, na mtoto naye akatulia.

Habari hii hunigusa. Ni mara ngapi nimempima mtoto uzito na joto, nikajaza kadi, na mama aliyempakata nisimwulize hali yake?

Rogers alijifunza kwamba mwenye maumivu ndiye anayejua panapouma. Mwaka 1942 alitoa kitabu kuhusu ushauri, na kuanzia 1945 aliongoza kituo cha ushauri katika Chuo Kikuu cha Chicago. Alirekodi mazungumzo, kwa ridhaa ya wahusika, ili achunguze kinachosaidia. Alisisitiza mambo matatu: mshauri awe mkweli bila kuigiza, amkubali mtu bila masharti, na ajitahidi kuelewa anavyojisikia.

Kwa hiyo siku ya kwanza huenda ukashangaa. Mshauri atakuuliza ungependa kuanzia wapi, kisha hatakukatiza. Atarudia kwa maneno yake alichoelewa, akikosea, msahihishe. Kutakuwa na kimya, nacho si kosa lako. Hatakuamulia umwache mume au uvumilie. Ukisema kuna siku unamchukia mtoto wako, hatakuhukumu. Kikao huchukua karibu saa moja, mara nyingi kila wiki, na unaweza kutoka umechoka au umelia. Siri yako itatunzwa, isipokuwa maisha yako au ya mtoto yakiwa hatarini. Muulize kuhusu hilo mapema.

Wala usione haya kwenda. Rogers mwenyewe, akiwa tayari mtu mwenye jina, alielemewa na mgonjwa mmoja mpaka akaondoka mjini na mke wake kwa miezi kadhaa. Aliporudi alitafuta ushauri kwa mwenzake wa kazini. Baadaye alihamia California, akaendelea kufanya kazi uzeeni, hata akaenda Afrika Kusini kukutanisha weusi na weupe wazungumze. Alifariki Februari 4, 1987, baada ya kuanguka na kuvunjika nyonga.

Kusikilizwa peke yake hakutoshi kwa kila hali. Ukiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, au ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, hasa wiki chache baada ya kujifungua, usisubiri siku ya miadi. Mwachie mtoto mtu unayemwamini, na uende kituo cha afya siku hiyohiyo ukiwa na mtu wa kukusindikiza.