William Willett

William Willett (Farnham, Surrey, 10 Agosti 1856 – Chislehurst, Kent, 4 Machi 1915) alikuwa mjenzi wa nyumba kutoka Uingereza. Anakumbukwa hasa kwa kampeni yake ya kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi ili jioni ziwe na mwanga kwa muda mrefu zaidi.

Maisha

Alifanya kazi katika kampuni ya ujenzi ya baba yake, iliyosifika kwa nyumba bora huko London na Hove. Alipenda kupanda farasi na kucheza gofu.

Pendekezo lake

Uingereza iko mbali na ikweta, hivyo urefu wa mchana hubadilika sana kati ya majira. Mwezi Juni, saa zisiposogezwa, jua huchomoza London kabla ya saa kumi alfajiri. Inasimuliwa kwamba asubuhi moja ya kiangazi mwaka 1905 Willett alipita na farasi wake akaona mapazia ya nyumba nyingi bado yamefungwa, ingawa jua lilikuwa limeshapanda. Watu haohao wangewasha taa jioni na kuzilipia.

Mwaka 1907 alichapisha kijitabu kwa gharama yake. Alitaka saa zisogezwe mbele dakika 20 saa nane usiku katika kila Jumapili nne za Aprili, jumla dakika 80, kisha zirudishwe vivyo hivyo mwezi Septemba. Maana yake watu wangerekebisha saa zao mara nane kwa mwaka, jambo lililowapa wapinzani nafasi ya kumcheka.

Hakuwa wa kwanza: George Hudson, mtafiti wa wadudu wa New Zealand, alipendekeza saa mbili mwaka 1895. Ila Willett ndiye aliyelifikisha wazo hilo katika Bunge la Uingereza, ambako mbunge Robert Pearce aliwasilisha muswada mwaka 1908. Winston Churchill aliuunga mkono. Wakulima wengi waliupinga, kwa kuwa umande na ng'ombe hufuata jua, si saa ya ukutani. Muswada ulikwama, na majaribio yaliyofuata pia. Willett alifariki kwa homa ya mafua kabla ya kuona mafanikio.

Baada ya kifo chake

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Ujerumani na Austria-Hungaria zilisogeza saa tarehe 30 Aprili 1916 ili kuokoa makaa ya mawe. Uingereza iliwafuata adui zake tarehe 21 Mei, kwa saa moja kamili badala ya hatua za dakika 20.

Katika msitu wa Petts Wood, karibu na Chislehurst, kuna saa ya jua ya kumbukumbu yake. Huonyesha saa za kiangazi mwaka mzima.