Ilya Mechnikov, mtu aliyeutetea uvimbe

Kabla ya mwaka 1882, matabibu wengi waliuona uvimbe wenye wekundu, joto na maumivu kuwa ni dhara tupu. Aliyewapinga hakuwa hata daktari. Ilya Mechnikov, aliyezaliwa mwaka 1845 karibu na Kharkov, katika Ukraine ya leo, alikuwa mtaalamu wa wanyama. Mwaka huo wa 1882 alijiuzulu Chuo Kikuu cha Odessa kutokana na misukosuko ya kisiasa, akahamia Messina, kisiwani Sicily.

Siku moja jamaa zake walikwenda kutazama sarakasi, naye akabaki na hadubini yake. Aliwachoma kwa miiba ya mwaridi mabuu wa kiti cha pweza, ambao miili yao huonekana hadi ndani kama kioo. Usiku ule hakulala. Alfajiri aliikuta miiba imezingirwa na chembechembe zinazotembea. Mabuu hao hawana mishipa ya damu, kwa hiyo chembechembe zile zilijiendea zenyewe. Kwake yeye, uvimbe ulikuwa ni mwili kujihami. Walinzi hao waliitwa fagositi, na walio wakubwa akawaita makrofagi.

Wataalamu wengi wa Ujerumani walishikilia kwamba kinga imo katika majimaji ya damu. Mwaka 1908 Tuzo ya Nobel iligawanywa baina yake na Paul Ehrlich, mtetezi wa majimaji hayo. Kila upande ulikuwa na sehemu yake ya haki.

Odessa alirejea mwaka 1886 kusimamia kituo cha chanjo, lakini madaktari na magazeti walimwandama. Mwaka 1888 Louis Pasteur alimpa maabara mjini Paris, na kwao hakurudi tena kuishi. Sisi tuliohama tukiwa watu wazima twaujua uzito wa uamuzi huo.

Uzeeni alidai kwamba makrofagi, zikichochewa na sumu za bakteria wa utumbo, huugeukia mwili na kuula. Ndiyo maana akinywa maziwa ya mgando kila siku. Sehemu kubwa ya nadharia hiyo haikusimama. Hata hivyo, leo inajulikana kwamba uvimbe usiokoma huharibu mwili: makrofagi zisizotulia hutoa kemikali zinazoita nyingine, zikala viungo vya wagonjwa wa baridi yabisi, au zikajaa mafuta na kufia katika kuta za mishipa ya moyo.

Mechnikov mwenyewe aliugua moyo. Alifariki Paris tarehe 15 Julai 1916, akiwa na umri wa miaka 71, na majivu yake yamehifadhiwa katika maktaba ya Taasisi ya Pasteur.