Mzee Loewy na gari la siku 40

Wadau, leo naomba tuache siasa kidogo. Juzi nikiwa kafe nilikutana na picha ya gari moja la Kimarekani la mwaka 1963, nikaikodolea macho mpaka dakika zangu zikaisha. Halina shoo mbele! Uso mtupu, taa mbili za mviringo na bampa jembamba, basi. Linaitwa Studebaker Avanti. Kesho yake nikarudi kumsoma aliyelibuni, Raymond Loewy, nikakuta stori yenyewe si ya mchezo.

Jamaa alizaliwa Paris mwaka 1893. Vita Kuu ya Kwanza akapigania Ufaransa, akajeruhiwa, na 1919 akapanda meli kwenda New York. Alianza na vibarua vya kupamba madirisha ya maduka na kuchora picha za mitindo ya nguo magazetini. Mwaka 1929 Gestetner wakampa mashine yao ya kudurufu aitafutie sura mpya. Alichofanya ni kuifinyangia udongo, akaficha vyuma vyote vilivyokuwa vinachungulia nje. Kuanzia hapo hakukamatika tena: friji, treni, mabasi ya Greyhound. Hata ile nembo ya kombe ya Shell, hii ya mwaka 1971, ni kazi yake. (Chupa ya Coca-Cola wengi wanampa yeye, lakini hahusiki, ilibuniwa 1915 kabla hajafika Marekani.)

Sasa tuje kwenye gari. Studebaker ilikuwa kampuni ya South Bend, Indiana, iliyoanza 1852 na mambo ya mikokoteni ya farasi. Ilikuwa inajitegemea, haiko chini ya GM, Ford wala Chrysler, na kufika 1961 hao wakubwa walikuwa wameibana kooni. Bosi mpya, Sherwood Egbert, akataka gari la kimichezo la kuwarudisha wateja vijana, na alilitaka chapchap. Akamwita Loewy.

Mzee alikuwa na miaka 67. Akakodi nyumba Palm Springs, kule jangwani California, akawaingiza humo wabunifu watatu: Tom Kellogg, Bob Andrews na John Ebstein. Inasimuliwa kwamba simu ilikatwa na saa za ukutani zikasimamishwa ili mtu asijue ni saa ngapi. Wao ni kuchora na kufinyanga tu, mzee anapita anasahihisha. Kiuno cha gari kibanwe katikati kama chupa ya soda. Shoo hakuna, hewa ya kupoza rejeta iingilie chini ya bampa. Wiki mbili hivi, kimodeli cha udongo tayari. Modeli ya ukubwa kamili ikamaliziwa South Bend, na kazi nzima ilichukua kama siku 40. Chini waliliwekea chasisi ya Lark, gari lao la kawaida, maana hela ya kubuni mpya haikuwepo.

Lakini wadau, hapa ndipo mzee anaponikwaza. Matangazo yalipotoka, jina lililotajwa ni Loewy. Kellogg na Andrews watu wamekuja kuwajua baadaye sana. Na ndivyo ofisi yake ilivyokuwa: kupé ya Studebaker ya 1953 aliichora zaidi Bob Bourke, sifa akabeba bosi. Mimi niliwahi kumchorea mtu mabango ya duka, chini akaandika jina lake. Nayajua hayo maumivu. Ila nakubali pia kwamba bila mzee kuwafungia mle ndani na kukataa michoro mibovu, labda tungepata gari la kawaida tu.

Avanti ilioneshwa Aprili 1962, na mwaka huohuo ikavunja rekodi za kasi kule Bonneville. Tatizo likawa bodi. Zilikuwa za faibaglasi, zinatoka Ashtabula, Ohio, na vipande vikafika havioani. Wateja wakasubiri, wakachoka, wengi wakafuta oda. Desemba 1963, mwezi wa Krismasi, Studebaker wakatangaza kufunga uzalishaji South Bend na maelfu wakabaki bila kazi. Avanti zilizotoka hazikufika 5,000.

Wauzaji wawili wa magari wa palepale South Bend, Nate Altman na Leo Newman, wakanunua haki zake na kuanzia 1965 wakaendelea kuziunda kwa mkono, chache chache. Loewy alifariki Monaco mwaka 1986 akiwa na miaka 92.

Haya, ingekuwa wewe ni Kellogg ungedai jina lako? Tiririkeni hapo chini.