Imam Nawawi: Masomo kumi na mawili kwa siku

SIFA zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tunapenda kuyaangalia maisha ya mwanachuoni ambaye jina lake si geni majumbani mwetu. Naye ni Imam Yahya bin Sharaf An-Nawawi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kitabu chake cha Riyadhus Salihin husomwa katika misikiti yetu baada ya Sala, Hadithi zake Arubaini huhifadhiwa na watoto wa madrasa, na kitabu chake cha Minhaj ni miongoni mwa vitabu vikubwa vya fiqhi ya madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa mwambao wetu.

Mwanachuoni huyu aliishi miaka 45 tu kwa hesabu ya Hijiria. Inafaa basi tujiulize aliwezaje kuacha elimu yote hiyo katika umri mfupi kiasi hicho. Swali hili linatuhusu sana, kwani wengi wetu tuna nia njema zisizohesabika. Kila Ramadhani tunaazimia kuhitimisha Qur'ani, kuamka usiku na kusoma dini pamoja na watoto. Shawwali haijaisha, na msahafu umekwisharudi kabatini.

Imam Nawawi alizaliwa mwezi wa Muharram mwaka 631 Hijiria (1233) katika kijiji cha Nawa, eneo la Hauran, kusini ya mji wa Damascus katika nchi ya Sham. Baba yake alikuwa mtu mwema mwenye duka dogo. Imepokewa kwamba Nawawi alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, watoto wenzake walikuwa wakimlazimisha kucheza nao, naye akiwakimbia huku akilia na kusoma Qur'ani. Mcha Mungu mmoja aliyempitia katika hali hiyo alimwendea mwalimu wake akamuusia amtunze mtoto huyo, kwa kutaraji kwamba atakuja kuwanufaisha watu. Baba yake alimweka dukani, lakini kuuza na kununua hakukumshughulisha na Qur'ani, na aliihifadhi yote akiwa amekaribia kubaleghe.

Tuzingatie hapa nafasi ya mzazi. Baba huyu hakuwa mwanachuoni, wala historia haimtaji kwa mali. Hata hivyo, alipoona mwelekeo wa mwanawe hakuuzima. Mwaka 649 Hijiria (1251), Nawawi akiwa na umri wa miaka 19, baba yake alimpeleka Damascus kutafuta elimu, akapata chumba kidogo katika madrasa ya Rawahiya. Aliendelea kutosheka na chakula kidogo kilichotoka kwa wazazi wake.

Hapo Damascus ndipo ilipodhihiri siri ya maisha yake. Hakuanza kwa kutaka kujua kila kitu kwa mara moja. Alichukua kitabu kimoja cha fiqhi, At-Tanbih cha Imam Shirazi, akakihifadhi kwa muda wa miezi minne na nusu hivi. Kisha katika miezi iliyobakia ya mwaka ule akahifadhi robo ya kitabu kingine cha Shirazi, Al-Muhadhab. Robo tu, wala si kitabu kizima. Alijiwekea lengo linalopimika, akalifikia, ndipo akasogea mbele.

Mwaka 651 Hijiria alikwenda Hija pamoja na baba yake. Imepokewa kuwa homa ilimshika tangu walipotoka Nawa mpaka siku ya Arafa, naye hakulalamika. Aliporejea Damascus alizidisha juhudi, akawa anasoma masomo kumi na mawili kila siku mbele ya masheikh mbalimbali: fiqhi, Hadithi, sarufi, lugha, usuli, habari za wapokezi wa Hadithi na mengineyo. Wala hakuwa akisikiliza na kuondoka. Kila somo aliliandikia maelezo, akafafanua lililo gumu na kurekebisha matamshi ya maneno. Hata alipokuwa njiani, akienda na kurudi, alikuwa akirudia aliyoyahifadhi.

Pamoja na hayo alipata pia mtihani ambao wanafunzi wengi wanaujua, nao ni kutawanyika. Siku moja ilimjia fikra ya kusoma elimu ya tiba, akanunua kitabu maarufu cha Ibn Sina kiitwacho Al-Qanun. Kwa siku kadhaa moyo wake ukawa mzito na akashindwa kufanya kazi yoyote. Alipotafakari sababu yake aliona kuwa ni jambo lile jipya, akakiuza kitabu na kurejea katika njia yake. Si kwamba tiba ni elimu mbaya. Ni faradhi ya kutosheleza, na umma unawahitaji madaktari. Ila yeye alitambua kwamba haikuwa kazi yake, na kwamba mwenye kushika mengi kwa wakati mmoja huishia kutokamilisha lolote.

Mwaka 665 Hijiria (1267) alikabidhiwa uongozi wa chuo cha Hadithi cha Ashrafiya hapo Damascus, akabaki nao hadi kufa kwake. Cheo hicho hakikumbadilisha. Aliendelea kuvaa nguo duni na kula mlo mmoja kwa siku, na wakati wake ukagawanyika baina ya ibada, kufundisha na kuandika. Wala hakujifungia asiyaone ya watu. Sultani Baybars alipotaka kuzitwaa bustani za watu wa Damascus, Nawawi alimwandikia na kumkabili kwa nasaha bila kuogopa, kwa kuwa hakuwa na dunia yoyote ambayo sultani angeweza kumnyang'anya.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo. Imepokewa kuwa kwa muda wa miaka miwili Nawawi hakuulaza ubavu wake chini, bali usingizi ukimzidi aliegemea vitabu vyake kwa muda mfupi kisha akazinduka. Pia hakuoa maisha yake yote. Je, tunatakiwa sote tuishi hivyo? La hasha. Baba mwenye familia, mama mwenye mtoto mchanga na kijana wa shule hawawezi kuishi bila usingizi, wala dini haikuwataka wafanye hivyo. Nawawi mwenyewe ameweka katika Riyadhus Salihin mlango wa kuwa na kadiri katika ibada, na mara tu baada yake akaweka mlango wa kudumu katika amali. Katika Hadithi za milango hiyo tunafundishwa kuwa mwili, macho na mke vina haki juu ya mtu, na kwamba ibada inayopendeza zaidi ni ile anayodumu nayo mwenyewe. Basi tunachokichukua kwa Imam huyu ni ule mpango na kudumu nao, na kila mtu apime kwa uwezo wake.

Jambo la mwisho katika maisha yake ndilo zito kuliko yote. Kazi kubwa aliyokuwa nayo mkononi, sherehe ya Al-Muhadhab iitwayo Al-Majmu, hakuimaliza. Aliifikisha katika mlango wa riba, na ajali ikamkuta. Kabla ya hapo alirudisha vitabu vya wakfu alivyokuwa ameazima, akazuru makaburi ya masheikh wake, akazuru Baitul Maqdis, kisha akarejea Nawa nyumbani kwa wazazi wake. Huko ndiko alikougua na kufariki, usiku wa tarehe 24 Rajabu mwaka 676 Hijiria (1277). Baadaye Imam Taqiyuddin As-Subki alijaribu kuiendeleza kazi ile, naye pia hakuifikisha mwisho. Hata hivyo, juzuu alizoziandika Nawawi zinategemewa na wanavyuoni mpaka leo. Tunajifunza hapa kuwa kukamilika kwa lengo kumo mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na sehemu yetu sisi ni kazi ya leo. Atakayekutwa na mauti akiwa katika kazi njema aliyoizoea hakupata hasara, hata kama ukurasa wa mwisho haukuandikwa.

Sasa tuje majumbani mwetu. Mkusanyo wa Arubaini una Hadithi 42. Familia ikijifunza Hadithi moja kila wiki, itaimaliza kabla ya mwaka kwisha. Riyadhus Salihin ina Hadithi karibu 1,900. Wakisoma mbili tu kila siku baada ya Magharibi, wataimaliza kabla ya kutimia miaka mitatu. Ukurasa mmoja wa Qur'ani baada ya Alfajiri hauchukui hata robo saa. Lililo muhimu ni kuuchagua wakati maalumu, kuufungamanisha na Sala ambayo tayari tunaisali, na kuanza na kiasi ambacho hata siku ya uchovu tutakiweza. Siku ikitupita, tuilipe kesho yake bila kukata tamaa, kwani wengi wetu huacha jambo zima kwa ajili ya siku moja iliyopotea. Na wazazi wawe wa kwanza kukaa, kwani mtoto hufuata anachokiona zaidi ya anachoamrishwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Imam Nawawi na wazazi wake, atupe sisi na watoto wetu elimu yenye manufaa, na aturuzuku kudumu katika mema hata yakiwa kidogo. Amin. Wabillahi taufiq.