Tom Mboya Alizaliwa Shamba la Mkonge: Mbona Mchuma Chai wa Nyamira Bado Analipwa Nusu ya Msee wa Nairobi?

Kila siku maelfu ya wasee wanapita kwa sanamu ya Tom Mboya pale Moi Avenue, Nairobi. Wengine wanapiga selfi, wengine wanangoja mtu amechelewa. Ukiwauliza huyo jamaa alifanya nini, wengi watakuambia alipeleka wanafunzi Marekani kwa ndege, halafu akapigwa risasi. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya stori. Kabla siasa imchukue, Mboya alikuwa mtu wa mishahara. Na kama fathe yako ana majani chai huko Kebirigo, ama una binamu anayechuma pale Nyansiongo, hii stori inakuhusu.

Mboya alizaliwa 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, ndani ya shamba kubwa la mkonge la mzungu. Wazazi wake, Leonard Ndiege na Marcella Onyango, walikuwa watu wa kisiwa cha Rusinga. Enzi hizo Rusinga ilikuwa chini ya wilaya ya South Kavirondo, na boma ya DC ilikuwa Kisii mjini. Yaani mvuvi wa Rusinga na mkulima wa Nyaribari walikuwa na serikali moja ya kuwadai kodi. Kodi ilitakiwa iwe pesa, na pesa ilikuwa kwa mzungu. Ndiyo maana buda yake Mboya akaishia kwa mkonge, na mashamba ya chai ya Kericho yalipofunguliwa katikati ya miaka ya 1920, wanaume wengi wa Kisii wakashika njia kwenda huko.

Mzee Ndiege alichapa kazi mpaka akawa nyapara. Kwa macho ya wafanyakazi wengine huyo alikuwa ameomoka, lakini doh ya nyapara bado ilikuwa kidogo. Tom alisoma Kabaa, akaenda St. Mary's Yala, kisha Mang'u. Kichwa alikuwa nacho. Karo ndiyo ilikosa. Wadogo zake pia walikuwa wanangoja kusoma, kwa hivyo Tom akaacha shule kabla hajafika mwisho. Wengi wetu tunaijua hiyo hesabu.

Mwaka wa 1948 akaingia Jeanes School, Kabete, kusomea ukaguzi wa afya, kwa sababu huko mwanafunzi alikuwa analipiwa. Alipomaliza akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Kazi yake ilikuwa kupima maziwa, kukagua mabucha na kuangalia usafi wa mahoteli. Mzungu mwenye kazi hiyo hiyo alikuwa analipwa mara kadhaa zaidi yake. Kuna siku mama mmoja mzungu aliingia ofisini na maziwa yake, akamwona Mboya ameketi pale, na bado akauliza kama kuna mtu. Mboya alikuja kuisimulia hiyo siku miaka mingi baadaye. Lakini kilichomtoa kwa kiti ni payslip. Akaanza kuwapanga wafanyakazi wa baraza, na hapo ndipo safari yake ya vyama vya wafanyakazi ilianza.

Oktoba 1952 serikali ikatangaza hali ya hatari. Viongozi wa siasa wakafungwa, na viongozi wengi wa wafanyakazi wakasombwa pia. Kiti kikabaki wazi. Mwaka wa 1953, akiwa na miaka 23 pekee, Mboya akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, lile lililokuja kuitwa Kenya Federation of Labour, ama KFL. Fikiria wewe na miaka 23 ulikuwa wapi.

Sasa shika hapa vizuri, kwa sababu ndipo mambo ya mshahara wa chini yanaingia.

Wakoloni walikuwa na hesabu yao. Walisema Mwafrika wa mjini ni bachela: bibi na watoto wako ocha, wana shamba, wanajilisha. Kwa hivyo mlipe ya kumtosha yeye peke yake. Mwaka wa 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na Carpenter, kamishna wa leba, ikakubali kwamba hesabu hiyo ni mbovu. Ikapendekeza mshahara wa chini upandishwe pole pole mpaka umtoshe mtu na familia yake. KFL ilikuwa inapigania laini hiyo hiyo. Machi 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walipogoma, Mboya alishuka pwani, akawatuliza, akasimama upande wao kwenye mazungumzo, na wakapata nyongeza ya nguvu. Jina lake likajulikana Kenya nzima.

Lakini angalia hiyo mishahara ilikuwa ya nani. Maagizo ya mshahara wa chini ya wakati huo yalikuwa ya miji. Msee wa bandari alikuwa ndani, na msee wa reli mjini pia alikuwa ndani. Msee wa mkonge Kilima Mbogo na Mgusii wa chai Kericho walikuwa nje. Masetla walisema hao wanapewa posho na pahali pa kulala, na mkulima akilazimishwa kulipa zaidi atafunga shamba. Serikali ikakubaliana nao. Na usidhani ilikuwa Kenya pekee. Marekani yenyewe ilipitisha sheria ya mshahara wa chini mwaka wa 1938 na kuwaacha wafanyakazi wa mashamba nje, mpaka 1966 ndipo baadhi yao wakaanza kuingizwa. Dunia nzima, mtu wa shamba ndiye anafikiriwa mwisho.

Mboya akaenda kusoma Ruskin College, Oxford, mwaka wa 1955. Aliporudi, siasa ikashika moto. 1957 akachaguliwa kuingia Legco akiwakilisha Nairobi. Desemba 1958 akawa mwenyekiti wa mkutano mkubwa wa Waafrika kule Accra. 1959 ile ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 ikaruka kwenda Marekani. 1960 akawa katibu mkuu wa KANU. Januari 1962 akamuoa Pamela Odede. Na mwaka huo huo akapewa wizara ambayo ni kama iliandikwa jina lake: Leba.

Mtoto wa nyapara sasa ndiye waziri wa wafanyakazi. Nchi ilikuwa imejaa migomo, ya mashambani ikiwemo. Oktoba 1962 Mboya akakalisha waajiri, KFL na serikali meza moja, wakatia sahihi mkataba wa uhusiano wa kazini. Mdosi akakubali kwamba chama cha wafanyakazi kina haki ya kukaa mezani, na chama kikakubali kwamba mgomo ni kitu cha mwisho, baada ya maongezi kushindikana. Huo mkataba ndio msingi wa vile mishahara inajadiliwa Kenya mpaka leo. 1963 vyama vya wafanyakazi wa chai, kahawa, mkonge na mashamba mengine vikaungana kuwa kimoja, kile tunakijua kama KPAWU. Mgusii wa Kericho sasa alikuwa na wa kumsemea.

Halafu uhuru ukaja, na Mboya akabadilisha kiti. Akawa Waziri wa Haki, kisha kufikia mwisho wa 1964 akapewa Mipango ya Uchumi. Ukiwa mtu wa mipango unaangalia nchi nzima, na alichoona ni vijana wengi bila kazi na wachache wenye mshahara. Mwaka wa 1964 serikali, waajiri na vyama walikubaliana: kampuni ziongeze watu kwa asilimia 10, serikali asilimia 15, na wafanyakazi wasiitishe nyongeza wala kugoma kwa mwaka mzima. Mwaka uliofuata KFL aliyoijenga ikavunjwa, COTU ikaundwa, na sheria za kugoma zikakazwa. Mboya akawa anatetea mishahara isipande haraka, kwa hoja kwamba mwenye kazi tayari amemshinda mkulima asiye na chochote, na kwamba mshahara ukiruka sana kazi zitapungua.

Hoja yenyewe haikuwa ya kijinga, na iko hai mpaka leo. Shida ni kwamba iliwapata wafanyakazi wa mashamba wakiwa bado hawajapata chao. Mwaka huo wa 1965 agizo la mishahara ya kilimo likatoka, na mtu wa shamba akaingia kwenye sheria. Lakini aliingizwa kwa mlango wake, na orodha yake, iko chini ya ile ya mjini. Hizo orodha mbili hazijawahi kuunganishwa.

Mboya hakupata muda wa kurudi kwa hilo jambo. Jumamosi 5 Julai 1969, akitoka kwa duka la dawa la Chhani, barabara ambayo leo ni Moi Avenue, alipigwa risasi. Alikuwa na miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kunyongwa kwa mauaji hayo, na swali la nani alimtuma halijawahi kupoa. Mboya alizikwa Rusinga.

Viti vyake viwili vilikuja kukaliwa na watu wa Gusii. Baada ya uchaguzi wa 1969, Dkt. Zachary Onyonka wa Kitutu akapewa Mipango ya Uchumi. Baada ya ule wa 1974, James Nyamweya wa Nyaribari akapewa Leba. Kwa hivyo hatuwezi kusema kwamba Kisii haikuwa na mtu mezani. Orodha mbili zilibaki.

Twende kwa namba. Agizo lililoanza Novemba 2024 lilisema kibarua wa kawaida Nairobi asilipwe chini ya shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Mfanyakazi wa shamba asiye na ujuzi, chini yake ilikuwa 7,997.33. Hiyo haikufika hata nusu. Igawe kwa siku 26 za kazi, ni kama mia tatu na saba kwa siku. Unga, sukari na mkate wa Keroka haviuzwi nusu bei eti kwa sababu wewe unalima.

Kwenye mashamba makubwa chama kinajadiliana na waajiri, na mara nyingi mshahara unapita hicho kiwango. Kwa shamba dogo la Nyamira ni ingine kabisa. Mchumaji anaamka saa kumi na moja, anabeba kikapu mgongoni, na analipwa kwa kilo, bila karatasi yoyote. Akiumwa, siku imeenda. Bonasi ya KTDA ikija, ni ya mwenye shamba. Na mwenye shamba mwenyewe analia, kwa sababu bonasi ya viwanda vya huku kwetu imekuwa chini ya ile ya Mlima Kenya. Ukimwambia alipe kiwango cha sheria, atakuuliza atoe wapi.

Halafu kuna hii, na vijana waishike. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruka biashara ya familia ambayo wafanyakazi wake pekee ni wategemezi wa mwenyewe. Kama shambani ni wewe na ndugu zako pekee mnamchumia mzee, sheria haiwahesabu kama wafanyakazi. Lakini mzee akishaajiri mtu wa nje, huyo mtu ana haki zake zote: mshahara wa chini ni lazima, na makubaliano ya mdomo ya kulipwa chini yake hayasimami. Ofisi ya leba ya kaunti ndiyo pahali pa kupeleka malalamiko.

Mboya aliacha shule kwa sababu mshahara wa shamba haukutosha karo. Leo, kati ya Keroka na Chepilat, kuna wazazi wanachuma majani wakipiga hesabu ile ile ya mzee Ndiege: nani aendelee na shule, nani abaki. Siku ya Leba ikifika na rais atangaze nyongeza, usiskize asilimia pekee. Uliza ni ya orodha gani.