Mwami Musinga na Nyumba Yake

Mtu akitoka hapa kwetu Kabuga hupita Kigali, akashika njia ya kusini hata Nyanza. Huko ndiko yalikokuwa makao ya Mwami Yuhi Musinga.

Baba yake alikuwa Kigeli Rwabugiri, na mama yake Kanjogera, wa ukoo wa Abega. Rwabugiri alipokufa mwaka 1895, ufalme ulishikwa na mwanawe mwingine, Rutarindwa, na Kanjogera ndiye aliyewekwa kuwa mama wa mfalme huyo! Mwaka uliofuata yeye na ndugu zake wakampindua huko Rucunshu. Rutarindwa akafa, na Musinga akatawazwa angali mtoto.

Wajerumani walipokuja alipatana nao, hata akajifunza Kiswahili. Wabelgiji hakupatana nao, na ubatizo aliukataa. Mwezi wa Novemba 1931 wakamwondoa, wakamtawaza Rudahigwa. Kwangu mimi uchungu wa habari hii ndio huu, kwamba aliyekalia kiti chake alikuwa mwanawe wa kumzaa. Musinga akapelekwa Kamembe pamoja na mama yake, na huko mwaka 1936 akazaliwa mwanawe Ndahindurwa. Mwaka 1940 akahamishwa tena hata Moba, Kongo, akafa huko mwaka 1944.

Rudahigwa alikufa mwaka 1959 bila mtoto, na ufalme ukamwangukia Ndahindurwa, yule aliyezaliwa uhamishoni. Mwaka 1961 ufalme wenyewe ukafutwa. Naye alifia Marekani mwaka 2016, akazikwa Mwima, Nyanza, Januari 2017, karibu na kaka yake. Baba yao hayuko hapo.